Makubazi Yasiyo na Alama

Viatu vya mume wangu vilifika nyumbani kabla ya habari zake. Ilikuwa baada ya alasiri, nimekaa barazani nachambua mchele, nikamwona mwadhini wa msikiti wetu wa Mafubira anakuja, makubazi ameyashika kwa mikono miwili mbele yake, anatembea taratibu. Akasimama mbali kidogo. "Mama, pole," akasema. "Fundi Shabani ameanguka kwenye rakaa ya pili, wamempeleka hospitali mjini. Watu wote wamevaa viatu vyao wameondoka, haya yamebaki peke yake pale mlangoni. Hayana alama, tukajua ni yake." Nikayapokea, nikaingia nayo ndani, nikayaweka mezani karibu na presi, chuma chetu cha kubonyezea ngozi. Simu ya hospitali ilipolia nilikuwa nimeshaanza kulia zamani.

Sasa ni mwezi wa tatu niko edani. Mjane wa kwetu anakaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, hajipambi, na mimi ni mtu wa kutembea na wa maneno. Waulize sokoni Bugembe watakuambia. Kukaa kumenichosha, nisiseme uongo. Asubuhi nzima namsikiliza mjukuu wangu Ramla chumba cha pili. Yeye ndiye anayeitumia presi siku hizi, anatengeneza pochi na mifuko ya simu, na kila akivuta ule mkono wa chuma nasikia meno yanapita, trrr, halafu kimya kidogo, halafu trrr tena inaporudi. Juzi akachungulia mlangoni. "Bibi, kila kiatu cha ngozi mtaa huu kina alama yake. Mbona ya Babu hayana?" Nikamwambia babu yako alikuwa na kiburi. Akacheka, akarudi kazini. Lakini swali limekaa na mimi, na kwa kuwa sina pa kwenda, nimerudi nalo hadi kwenye mwaka lilikotoka.

Ni ule mwaka wa vita vya kuuondoa utawala wa askari. Walioshindwa walipita Jinja wakikimbia, wanachukua chochote chenye magurudumu, na nyuma yao wakaingia Watanzania. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ndoa ya miezi saba. Tulikaa vyumba viwili, hivi hivi unavyoviona ila havikuwa na saruji, katikati pamegawanywa kwa mbao za makasha, nyembamba kiasi kwamba ukikohoa huku unaambiwa pole kule. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Nakikumbuka kuliko sura za watu wengi: benchi la mvule lililolainika kwa kukaliwa, kanda za ngozi zimening'inia dirishani, violezo vya nyayo vimetundikwa misumarini kila kimoja na jina la mwenye mguu, na ile harufu ya ngozi iliyolowa, ambayo wageni waliikunjia pua na mimi nikaipenda kabla sijampenda mwenyewe. Mteja alikuja, akakanyaga karatasi, Shabani akachora kuuzunguka mguu wake, akakata kwa kisu bila kupima mara ya pili. Jinja nzima hukuweza kupata jozi mbili za makubazi yake zilizofanana. Watu walijua viatu vyao kama wanavyojua watoto wao.

Siku moja kabla ya Watanzania kuingia, askari mmoja anayekimbia alimtaka baiskeli. Shabani akachelewa kuachia usukani, si kwa ushujaa, alikuwa amepigwa na bumbuwazi tu. Askari akampiga kitako cha bunduki juu ya mkono wa kulia, mara mbili, akapanda baiskeli akaenda zake. Hospitali wakati ule hukumkuta daktari wala dawa. Mama mkwe wangu, Bi Nuru, akaufunga mkono kwa vijiti na kitambaa cha kanzu, na mifupa ikajiunga inavyotaka yenyewe. Kitambaa kilipofunguliwa, kidole gumba na cha shahada havikukutana tena. Vilibaki vinatazamana, upana wa punje ya hindi katikati yao, na ndani ya upana huo ndimo ilimoangukia kazi yake yote. Hakuweza kushika kisu, nyundo wala sindano. Wateja wakija mlangoni kumwulizia fundi, anawajibu mwenyewe, uso mkavu, "Fundi hayupo. Fundi alikufa vitani." Wengine walicheka wakidhani anatania.

Mchana mmoja nimejilaza, wao wakadhani nimelala. Bi Nuru alikuwa anamenya viazi chumba cha mbele, nasikia ngozi za viazi zinaanguka kwenye sufuria. Shabani akasema, "Mama, baada ya Idi nitamrudisha Zaina kwao Mbale. Siwezi kumweka mtoto wa watu na njaa. Atapata mume mwenye mikono." Kisu cha Bi Nuru kikasimama. "Umemwuliza mwenyewe?" "Nimwulize nini? Atasema hataki, halafu atakaa ateseke." Kisu kikaendelea na kazi. Mimi nimelala pale nimeuma khanga, moto unanipanda kichwani. Kurudishwa kwetu! Nikiwa nimekosa nini? Ningefika Mbale na kisanduku changu, na majirani wangesema nimeachwa, na nani angesimama sokoni kuwaeleza habari za kidole gumba? Mfungo wa Ramadhani ulikuwa umebakiza wiki mbili. Nikahesabu: wiki mbili na mwezi mmoja, ndiyo ndoa yangu iliyobaki.

Siku zile pale Bugembe, kando ya barabara ya Iganga, uliuzwa kila kitu kilichokuwa kimeng'olewa mahali. Milango bila nyumba, viti vya daktari wa meno, mizani, mapipa, taa za barabarani. Nilikuwa nimekwenda kutafuta chumvi. Mama mmoja wa Kisoga alikuwa amefunga mbuzi wake kwenye chuma kizito cheusi, kirefu kama mkono wangu, kimeinama kama mtu anayechungulia kisima. Ubavuni kina mpini. Sijui kwa nini niliinama nikauvuta. Ndani ya kichwa cha kile chuma nondo nene yenye meno ikaanza kushuka, polepole, bila haraka yoyote, ikagusa kile kitako cha chini na kutulia. Nikaokota kifuniko cha soda mavumbini, nikakiweka pale, nikavuta tena kwa vidole viwili. Vidole viwili tu! Kifuniko kikalala bapa kama karatasi. Nikasimama nimeduwaa, kifuniko kiganjani. Mimi niliyekuwa siwezi kufungua chupa bila kumwita mtu! "Nnyabo, hii kitu ni ya nini?" nikamwuliza. "Banange, mimi najua? Iko nzito. Mbuzi haikimbii." Nikamwambia nipe, unataka nini. Akanitazama juu hadi chini. "Uko na sukari?"

Nilikuwa nayo. Nusu kilo, kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, imewekwa kwa ajili ya uji wa futari. Sukari mwaka ule haikuonekana madukani, uliisikia tu kwa watu. Nikaenda nikarudi nayo Bugembe, na chuma kikaja nyumbani kwenye toroli. Shabani alikitazama, akalitazama kopo tupu, akaninyooshea kile kidole kisichokunjika. "Sukari ya Ramadhani umeigeuza chuma?" Nikamwambia ndiyo. "Cha nini?" Sikujua bado. Mwezi mzima tulifuturu uji wa mtama usio na utamu, na kila jioni kila mmoja akinywa funda la kwanza alinitazama mimi. Bi Nuru alikoroga kikombe chake kwa kijiko muda mrefu, kana kwamba kuna kitu ndani cha kukorogwa.

Aliyenijulisha nilichonunua ni Barasa, dereva Mkenya aliyepanga chumba cha jirani. Lori lake lilikuwa limekufa Bugembe na alikuwa anangoja giaboksi kutoka kwao, wiki ya sita. Alikizunguka chuma changu mara moja akapiga mluzi. "Shemeji, hii ni presi ya gereji. Tunapachikia beringi. Lakini hii imechoka bwana, ona." Akaishika ile nondo na kuitikisa, ikacheza ndani ya kichwa. "Ukibonyeza ngozi na hii, upande mmoja utakata, upande wa pili utabusu tu." Nikamwuliza itatibika? Akajikuna kidevu. Alikuwa Mkristo, lakini Ramadhani ile hakuwahi kula wala kuvuta sigara mbele yetu, na hilo sijamsahaulia hadi leo. Alikata kipande cha debe la mafuta ya kupikia, akakikunja, akakichomeka kati ya nondo na kichwa mpaka mchezo ukaisha. Kwa kuwa presi ilipinduka kila ukivuta, tuliifunga kwa bolti juu ya mbao ya mvule, na mbao hiyo, Mungu anisamehe, ilikuwa ubavu wa kitanda changu cha harusi. Kitako chake cha chuma kingelitia kisu ubutu, kwa hiyo tukaweka juu yake gogo fupi, limekatwa nyuzi zikitazama juu, ili ukali ukiingia uzame kidogo usivunjike. Mpini ulikuwa mfupi, tukauvika kipande cha bomba la maji. Na kwenye ncha ya nondo Barasa alifunga kipande cha paipu ya baiskeli chenye nati ubavuni, ili chochote utakachochomeka humo kishikwe. Siku nzima Shabani alikaa uani, mgongo ametupa sisi. "Kazi ya gereji," nilimsikia anaiambia miguu yake.

Kilichokosekana ni kisu cha kukatia, kisu chenye umbo la unyayo mzima. Asubuhi moja Bi Nuru akaniambia, "Funga nguo zako mbili, tunakwenda Mbale." Idi bado na tayari! Nikafunga nguo zangu, sikuuliza kitu, nikampita Shabani mlangoni na yeye hakuinua macho. Barabara ilikuwa na vizuizi vingi. Kila kizuizi tunashuka, Mtanzania anatazama mizigo, na nakumbuka nilivyoshangaa, maana maisha yangu yote Kiswahili cha mwenye bunduki kilikuwa cha kufokewa, na hawa walisema "tafadhali mama" na "safari njema". Tulipopita Busiu nikauona mlima wa Wanale umesimama juu ya mji wetu, maji yanashuka mwambani mstari mweupe, nikaanza kulia. Bi Nuru akanitazama. "Unalia nini?" Nikamwambia, Mama, kama nimekukosea ungeniambia. Akashangaa kwanza, halafu akafungua kikapu chake. Chini ya viazi mlikuwa na ubapa wa springi ya lori, Barasa amempa, na kiolezo cha mbao cha Shabani, kile alichokitumia kwa miguu ya wastani. "Nakupeleka kwa mhunzi, we mtoto. Nani kasema nakurudisha? Kuna mhunzi nyuma ya soko la Mbale alimfulia marehemu mume wangu mikasi." Nikamkumbatia mbele ya watu garini mpaka mtandio ukamtoka.

Mhunzi alitusikiliza bila kuacha kuvuta mivukuto. Aliupasha ubapa ule, akauchana, akaukunja kidogo kidogo kuuzunguka mti wa Shabani, kisigino, kiuno cha mguu, vidole, na kila ulipopoa aliurudisha motoni. Nilikaa juu ya jiwe tangu adhuhuri hadi karibu na kufuturu, sijahisi njaa wala kiu. Chuma kilichobeba mizigo kutoka Mombasa kilikuwa kinakuwa mguu wa mtu mbele ya macho yangu. Alipoutia majini mara ya mwisho na mvuke kupanda, nilisema "Subhanallah" kwa sauti, na mhunzi, ambaye naye alikuwa na njaa yake, akacheka. Tukalala kwetu. Mama yangu aliniuliza habari za ndoa, nikasema nzuri sana.

Jaribio la kwanza liliharibika. Ngozi nilikuwa nimeipata kwa mzee mmoja wa Busiu aliyeiivisha kwa magome ya mti, ngozi nzuri, ngumu. Huwezi kukata unyayo mzima kwa mvuto mmoja, presi haina nguvu hiyo. Unabonyeza kisigino, unasogeza, unabonyeza katikati, unasogeza, unabonyeza vidole. Nilivuta mpaka viganja vikatoka malengelenge, na ngozi ikapasuka pembeni na kukunjamana. Nikachukua kipande kingine, kikawa kibaya zaidi. Hapo nikasikia benchi limelia uani. Shabani akaja mlangoni akasimama, akavumilia kipande cha tatu, kisha uvumilivu ukamwisha. "Unaikata kavu? Mbona unaikata kavu, Zaina! Ngozi inataka kulowanishwa, halafu ingoje, mpaka ukiigusa na shavu iwe baridi bila kuacha maji. Ah, toka hapo!" Akaingia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita kukanyaga chumba kile kwa ajili ya kazi. Akailowanisha ngozi kwa mkono wa kushoto, akaikunja ndani ya kitambaa, tukangoja. Kisha akaiweka juu ya shavu lake na kufumba macho. "Sasa," akasema. Nikavuta. Kisu kikazama bila kelele yoyote, nikasogeza, nikavuta, nikasogeza, nikavuta, na unyayo ukadondoka mzima mkononi mwangu, ukingo wake umekatika safi kote.

Lakini si hilo lililomrudisha kazini. Barasa alikuwa na ganda la risasi, moja kati ya yale yaliyotapakaa kila mfereji mwaka ule, na alikuwa ameuchonga mdomo wake kwa tupa mpaka ukawa na petali sita. Akalichomeka kwenye ncha ya presi. "Shemeji, jaribu kwenye hicho kilichobaki." Nikakiweka kipande cha ngozi chini, ila kabla sijavuta Shabani akasema, "Ngoja." Akauweka ubavu wa mkono wake wa kulia, ule mbovu, juu ya bomba la maji. Hakuhitaji kushika. Hakuhitaji vidole kukutana. Aliulalia tu mpini kwa uzito wa mkono, trrr, nondo ikashuka, ikakaa pumzi mbili, ikapanda. Na pale kwenye ngozi kulikuwa na ua. Lina kina, lina kivuli ndani yake, hata ukipitisha ukucha unausikia ukingo. Hakuna nyundo iliyopigwa. Jirani yetu mmoja tangu vita akisikia kishindo alikuwa anajitupa chini ya kitanda, na yeye saa ile alikuwa anafua uani na hakugeuka hata kidogo. Bi Nuru naye akasogea, sote wanne tukaliinamia lile ua. Nimezaa watoto watano baada ya hapo, nimeona mengi, lakini ule mshangao wa kuona mkono uliokufa umeacha ua juu ya ngozi haujapata kunitoka. Shabani alilipapasa kwa kidole gumba. "Rudia," akasema. Tukarudia mpaka kipande chote kikajaa maua, hakifai tena kwa kitu chochote.

Idi ikawa inakaribia na watu walitaka viatu, maana wengi wao walikuwa wamevuliwa njiani na askari waliokimbia. Tulitengeneza jozi kumi na nane za kuuza, na mbili zaidi, ya Shabani na yangu. Nilivuta mimi, Shabani alilowanisha na kupanga na kubonyeza maua, Bi Nuru alishona kwa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na Barasa alichonga nyayo za chini kutoka kwenye tairi lake mwenyewe. Kisu kilikuwa kimoja, cha mguu wa wastani, na kwa bahati wateja wetu wote walikuwa wa wastani au walikubali kuwa. Kila jozi sawa na mwenzake, ukanda sawa, ua sawa, mahali pale pale. Tuliona fahari! Asubuhi ya Idi nilikaa upande wa wanawake msikitini, nikainua shingo nione wanaume wanavyoyavua makubazi yangu mlangoni na kuyapanga, mstari mmoja mwekundu mpya. Sala ikaenda vizuri, hotuba ikaenda vizuri. Kisha watu wakatoka.

Mwanzo nilisikia mtu anacheka. Halafu mwingine akasema, "Hii si yangu." "Kwani ulivaa ipi?" "Hii hii." "Basi si ndiyo hiyo?" "Ya kushoto inanibana, ya kulia inacheza!" Dakika tano hazikupita, wanaume kumi na wanane wenye kanzu nyeupe walikuwa wanainama na kuinuka, wanavaa, wanavua, wananyang'anyana. Maisha yao yote kiatu kilikuwa na sura yake, mtu anakichomoa mlangoni bila hata kutazama, na sasa sisi tulikuwa tumezifuta sura. Mchinjaji mmoja, mtu mkubwa, akamshika mwenzake kanzu. "Mimi umeniita mwizi siku ya Idi?" Wakaja nyumbani wote, peku, makubazi mkononi, na Mtanzania wa kizuizini akawafuata kwa wasiwasi. "Jamani, sikukuu njema. Mbona mmeshika viatu?" Waliyamwaga yote uani petu, lundo zima. "Nani amekata hivi?" mchinjaji akauliza. "Nani fundi hapa?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, malengelenge yangu yamefungwa vitambaa. Nikafikiri, sasa atasema fundi alikufa vitani, watavunja presi, na kesho nitapanda gari la Mbale. Shabani akatoka kwa kanzu yake ya Idi. "Mimi," akasema. "Mimi ndiye fundi. Kaeni chini." Wakakaa. Akaita presi iletwe uani, na kila mtu akaja mmoja mmoja akachagua alama yake, ncha ya funguo, kichwa cha skrubu, meno ya kitana, nyota ya bisibisi, na Shabani akaulalia mpini kwa mkono ule mbovu, mbele ya watu wote, kubonyeza kando ya kila ua. Wote walimtazama. Mchinjaji alipoiona nyota yake inainuka kutoka kwenye ngozi alisema "Allahu Akbar", na Mtanzania akavua buti lake akauliza kama ulimi wa buti nao unaweza kutiwa alama. Mwisho nikaleta yangu. Nikachagua duara tatu ndogo, kwa mdomo wa ganda la risasi lisilochongwa, kama mafiga matatu ya jikoni. "Na yako?" nikamwuliza. Akacheka, mara ya kwanza tangu kile kitako cha bunduki. "Yangu ya nini alama? Isiyo na alama ndiyo ya fundi."

Jioni tulipokaa kula pilau niliyoletewa na mke wa mchinjaji, nikamwuliza, "Sasa ni baada ya Idi. Naondoka lini?" Tonge likamsimama. "Nani amekwambia?" "Mbao," nikasema. Bi Nuru akainamia sahani. Shabani akatafuna polepole, akameza. "Baada ya Idi kuna kazi," akasema. Hayo tu. Nilifurahi usiku kucha, kweli. Lakini niseme na lingine, maana nimekwishafika umri wa kusema: lile neno "mimi ndiye fundi" liliniponya na kunichoma siku moja. Presi nilinunua mimi, kwa sukari yangu. Malengelenge yalikuwa yangu. Miaka yote iliyofuata aliwaambia watu habari za presi, na katika habari zake siku zote kulikuwa na fundi mmoja. Sikumwambia chochote. Nilimwonea fahari na nikamkasirikia, vyote kwa pamoja, miaka zaidi ya arobaini, na nilidhani nimeyazika naye.

Jana Ramla ameyachukua makubazi ya babu yake mezani ili ayapake mafuta, ngozi isipasuke. Uzi wa ukanda ulikuwa umeoza, akaufungua aushone upya. Halafu akaniita, "Bibi, njoo." Alikuwa ameugeuza ukanda, upande wa ndani, ule unaolala juu ya mguu, ambao haumwoneshi mtu chochote. Hapo palikuwa na duara tatu. Zimelainika kwa ngozi ya mguu wake, lakini zipo, mafiga yangu matatu. Nikamwambia avute sanduku chini ya kitanda. Mna jozi tano za zamani mle, hakutupa hata moja, hadi ile ya Idi ambayo sasa haina kisigino. Tukazigeuza kanda zote, moja baada ya nyingine. Zote zinazo. Hata ile ya Idi inazo.

Nilimtuma Ramla akapike chai, nibaki peke yangu. Kisha nikayavaa yale ya mwisho, yananipwaya, nikatembea nayo kutoka kitandani hadi kwenye presi na kurudi, nikimgombeza kwa sauti. Mzee wewe. Miaka yote hiyo, ungesema tu.